Helsinki hadi Tokyo: umbali ni ule ule, safari imerefuka

Ukiandika Helsinki-Vantaa na Narita ya Tokyo kwenye programu yoyote ya kupima umbali kati ya viwanja vya ndege, utaletewa jibu la kilomita 7,850 hivi, na muda wa saa tisa na kitu. Ukienda kukata tiketi ya Finnair, kampuni ya ndege ya Ufini, kati ya viwanja hivyo hivyo, utaambiwa saa 13. Viwanja havijasogea. Ndege ni Airbus A350, aina ile ile iliyokuwa ikiruka njia hiyo mwaka 2019 kwa saa tisa na nusu, na hakuna aliyeipunguzia kasi. Saa tatu na nusu zimejipenyeza katikati, na kwa anayetaka kuelewa jinsi kilomita zinavyogeuka kuwa saa angani, sijui kisa kinachofundisha zaidi ya hiki. Kila kitu kilibaki palepale isipokuwa kimoja: ruhusa ya kupita.

Nitaanza na zile kilomita 7,850, kwa kuwa wengi wanaziamini bila kujua zimetoka wapi.

Mstari unaoanza kwa kwenda kaskazini

Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini ya ikweta, Tokyo iko kwenye nyuzi 35 na ushei. Ukitazama ramani ya ukutani, Tokyo iko mashariki na chini, kwa hiyo jicho linatarajia ndege iinamie kusini-mashariki tangu inapopaa. Chukua tufe badala ya ramani, nyoosha uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine, uuvute mpaka ukaze. Uzi hautapita hapo jicho lilipotarajia. Utaondoka Helsinki kwa kuelekea kaskazini-mashariki, utaingia Urusi baada ya mwendo mfupi tu, na utaendelea kupanda hadi nyuzi 67, kaskazini kidogo ya mji wa Salekhard, ambao wenyewe umejengwa kwenye mstari wa Aktiki. Hapo ndipo unapoanza kuteremka. Unapita Siberia, unakata pembe ya kaskazini-mashariki ya China, unaingia Bahari ya Japani na kufika Narita.

Huo ndio umbali ambao programu hukupa. Ungeng'ang'ania mstari ulionyooka kwenye ramani ya Mercator, ile inayotumika sana, ungeruka karibu kilomita 8,800, yaani zaidi ya kilomita 900 za bure. Kwa ndege ya leo hiyo ni saa nzima. Ramani bapa hulazimika kuzitanua nchi za kaskazini ili zitoshe kwenye karatasi, na njia fupi ya kweli huonekana juu yake kama upinde mrefu usio na maana. Ndiyo sababu abiria wengi wakiona picha ya njia kwenye kioo cha kiti cha mbele hudhani rubani anazunguka.

Sasa angalia uzi ule umelala juu ya nani. Kati ya kilomita 7,850, zaidi ya 5,000 ziko juu ya Urusi. Programu haisemi hilo, kwa sababu haikuulizwa. Yenyewe imepokea nukta mbili na ikatoa urefu wa mstari mfupi kabisa unaoziunganisha. Mipaka, vita, milima, hata viwanja vya dharura havimo kwenye hesabu hiyo.

Kutoka kilomita hadi saa

A350 ikiwa juu hukimbia kwa asilimia 85 hivi ya kasi ya sauti. Kwenye hewa ya baridi ya urefu wa kilomita 11, hiyo ni karibu kilomita 905 kwa saa. Gawanya 7,850 kwa 905 upate saa nane na dakika arobaini. Ratiba ya zamani ilikuwa saa tisa na nusu. Zile dakika hamsini zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye mambo ambayo abiria huyaona lakini hayahesabu. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama kwenye maegesho ya upande wa pili. Ndani yake kuna kutembea ardhini hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda taratibu huku kasi ikiwa bado ndogo, kuzungushwa na waongoza ndege karibu na Narita ambako foleni ya kutua huwa haiishi, na kutembea tena ardhini. Ongeza pia kwamba ndege haifuati uzi ule hatua kwa hatua, hufuata nukta za kupitia angani zilizopangwa.

Halafu kuna upepo, na hapa mji wa Tokyo una historia yake. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa hali ya hewa Wasaburo Oishi alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno, si mbali na ilipo Narita leo, na kuyafuatilia kwa darubini ya vipimo. Aliona kwamba juu sana ya Japani, hasa wakati wa baridi, upepo unatoka magharibi kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa. Alitoa ripoti yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, na nje ya Japani karibu hakuna aliyeizingatia. Mkondo huo ndio unaofanya ndege ziendazo mashariki zifike mapema na zirudizo magharibi zichelewe.

Watu hudhani kwamba upepo ukikusaidia kwenda na kukuzuia kurudi, mambo yanalingana. Hayalingani. Chukua ndege ya kilomita 900 kwa saa na umbali wetu wa kilomita 7,850. Bila upepo ni saa 8 na dakika 43. Ukisukumwa na upepo wa nyuma wa kilomita 100 kwa saa, unafika kwa saa 7 na dakika 51, umeokoa dakika 52. Ukikabiliana na upepo wa mbisho wa nguvu hiyo hiyo unatumia saa 9 na dakika 49, umepoteza dakika 66. Unapokwenda mbisho unakaa ndani ya upepo mbaya muda mrefu zaidi kuliko ulivyokaa ndani ya upepo mwema, na deni halilipiki. Hili ni jambo dogo kwenye safari ya saa moja. Kwenye safari ya mabara mawili, ndilo linaloamua upite njia gani, kama tutakavyoona.

Mlango unafungwa

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Siku tatu baadaye nchi za Umoja wa Ulaya, Ufini ikiwemo, zilizifungia ndege za Urusi anga zao. Tarehe 28 Februari Urusi ikajibu kwa kuzifungia anga yake kampuni za ndege za nchi 36. Kwa kampuni nyingi za Ulaya hiyo ilikuwa hasara. Kwa Finnair ilikuwa ni kuondolewa kwa msingi ambao nyumba yote ilijengwa juu yake, na nitalirudia hilo hapa chini.

Safari za Tokyo zilisimamishwa. Zilirudi tarehe 9 Machi 2022, safari nne kwa wiki, muda saa 13. Siku tisa tu za kutafuta njia mpya ya kuizunguka nchi kubwa kuliko zote duniani. Nadhani wachache nje ya chumba cha kupanga safari za ndege wanaelewa kazi hiyo ilikuwa na uzito gani.

Ukiwa Helsinki na Urusi imefungwa, njia zinabaki mbili. Ya kwanza ni kwenda juu kabisa. Unapaa kuelekea Norwei, unapita jirani na visiwa vya Svalbard, unafika Ncha ya Kaskazini, unateremka upande wa pili kuelekea Alaska, unapita kwenye Mlango wa Bahari wa Bering, kisha unashuka Pasifiki ukiiacha Kamchatka na visiwa vya Kuril upande wa kulia hadi Japani. Tuipime kipande kwa kipande. Kutoka Helsinki hadi Ncha ni kilomita 3,300. Kutoka Ncha hadi Bering ni karibu 2,700. Kutoka Bering hadi Narita, ukipita mbali na Kamchatka, ni 4,800 hivi. Jumla ni kilomita 10,800, na hiyo ni kwa mkato, kabla ya kuhesabu mikunjo ya njia halisi.

Gawanya tena kwa 905. Unapata saa 11 na dakika 56. Ongeza zile dakika hamsini za maegesho, kupanda na foleni, unakuwa ndani ya dakika chache za saa 13 zilizoandikwa kwenye tiketi. Hesabu ile ile iliyokuwa inatoa saa tisa na nusu, ikilishwa njia ya kweli, inatoa jibu la kweli.

Njia ya pili ni ya kusini. Inateremka kupitia nchi za Baltiki, Poland na mashariki ya Ulaya hadi Bulgaria, kwa kuwa Ukraine nayo haipitiki. Inakata Uturuki, inapenya Georgia na Azerbaijan kwenye ule ujia mwembamba kati ya Urusi na Iran, inavuka Bahari ya Kaspi, inapita Kazakhstan, inaingia China na kuivuka kwa upana wake, inapita Korea na kufika Japani. Kwenye tufe njia hiyo ina kilomita 11,500 hivi. Ni ndefu kuliko ya Ncha kwa kilomita 700.

Basi ya Ncha ndiyo bora? Kwa kilomita, ndiyo. Lakini njia ya kusini inaelekea mashariki kwa sehemu kubwa ya mwendo wake, tena katika latitudo ambazo mkondo wa upepo wa magharibi una nguvu. Tuseme upepo unakusukuma kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kasi yako juu ya ardhi inakuwa 965, na kilomita 11,500 zinaisha kwa saa 11 na dakika 55. Ni sawasawa na Ncha. Upepo ukiongezeka kidogo, njia ndefu inakuwa ya haraka. Wakati wa kurudi mambo yanapinduka: upepo ule ule unakupiga usoni, kasi inashuka hadi 845, na njia hiyo inakula zaidi ya saa 13 na nusu angani peke yake. Ndiyo maana ndege inaweza kwenda Tokyo kwa njia ya kusini na kurudi kwa njia ya Ncha, na ndiyo maana uamuzi hufanywa upya kila siku kwa utabiri wa upepo wa siku hiyo.

Juu ya Ncha

Watu wakisikia Ncha ya Kaskazini huwaza baridi ya nje. Marubani huwaza baridi ya ndani ya matangi. Mafuta ya ndege ya aina ya Jet A-1 huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na Jet A inayotumika sana Marekani kwenye nyuzi 40. Hewa ya juu inaweza kuwa baridi kuliko hapo, na ndege inayokaa ndani yake kwa saa nyingi hupoza mafuta yake pole pole. Kuna kipimo cha joto la mafuta mbele ya rubani, na kikianza kukaribia mpaka, hushuka chini kutafuta hewa yenye joto zaidi, au huongeza kasi ili msuguano wa hewa upashe mbawa moto, au hubadili njia. Hatua zote tatu huchoma mafuta zaidi.

Kuna suala la mahali pa kutua. Ndege ya injini mbili haiendi popote inapotaka. Kanuni huweka kikomo cha dakika ngapi inaruhusiwa kuwa mbali na uwanja wa dharura ikibaki na injini moja. A350-900 ilipata kibali cha mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya mwaka 2014 cha kufika hadi dakika 370, kwa hiyo chombo chenyewe kinaweza. Bado, kutoka Longyearbyen huko Svalbard hadi pwani ya kaskazini ya Alaska, ukipitia Ncha, ni zaidi ya kilomita 3,000 za barafu na bahari. Kanuni za Marekani huihesabu sehemu yote iliyo juu ya nyuzi 78 kuwa eneo la Ncha, na hutaka ndege inayopita huko ibebe angalau mavazi mawili ya kukinga baridi kali, ili ikilazimika kutua kuwe na watu wanaoweza kutoka nje kuihudumia.

Dira ya sumaku huko haifai kitu, kwa hiyo mwelekeo huhesabiwa kwa kaskazini halisi. Satelaiti za mawasiliano zilizosimama juu ya ikweta haziuoni mwisho wa dunia, kwa hiyo redio ya masafa marefu hurudi kazini, pamoja na satelaiti zinazozunguka kupitia Ncha zenyewe. Dhoruba ya jua ikivuma, redio hiyo nayo hukatika na safari huhamishwa kusini.

Saa za ukutani nazo huchanganya. Tuchukue, kwa mfano, ndege inayoondoka Helsinki Jumanne saa 11:30 jioni, majira ya baridi. Saa saba baadaye iko karibu na Bering, na kwa saa za Alaska bado ni Jumanne, saa 7:30 mchana. Abiria ameruka saa saba na saa ya ukutani chini yake iko nyuma ya ile aliyoondokea. Muda mfupi baadaye anavuka mstari wa tarehe na Jumanne inageuka kuwa Jumatano. Saa sita tangu Bering, anatua Narita: Jumatano, saa 7:30 mchana. Kwa njia ya zamani, ndege ya jioni ile ile ingetua saa 4 asubuhi, na mwenye kikao baada ya chakula cha mchana angekiwahi.

Njia hii si mpya

Mwaka 1957 shirika la ndege la SAS la Skandinavia lilianzisha safari za Copenhagen hadi Tokyo kupitia Ncha kwa ndege za pangaboi, DC-7C, likisimama Anchorage kujaza mafuta. Kwa miongo mingi Anchorage ilikuwa kituo cha lazima cha safari za Ulaya na Japani, kwa sababu Muungano wa Kisovyeti haukuruhusu watu kupita ovyo. Aprili 1983 Finnair ikawa ya kwanza kuunganisha Ulaya Magharibi na Japani bila kusimama: Helsinki hadi Tokyo, kwa DC-10-30ER, kupitia Ncha na Bering. DC-10 ilikuwa na injini tatu, kwa hiyo kikomo cha ndege za injini mbili hakikuihusu. Safari ilichukua saa 13 hivi.

Soma tena muda huo. Ndege ya mwaka 1983 na ndege ya leo, iliyojengwa kwa nyuzi za kaboni na injini zisizofanana hata kidogo na zile za zamani, zinatumia muda ule ule kati ya miji ile ile. Miaka zaidi ya 40 ya uhandisi imepunguza mafuta na kelele kwa kiasi kikubwa, lakini kasi ya ndege za abiria imebaki palepale tangu ndege za jeti zilipoenea. Kilichoipunguza safari ya Helsinki na Tokyo hadi saa tisa na nusu ni kufunguka kwa anga ya Siberia kuelekea mwisho wa enzi ya Kisovyeti na baada yake. Kilichoirefusha ni kufungwa kwake. Mwaka 2022 Finnair ilirudisha hata kile cheti walichokuwa wakipewa abiria wa miaka ya 1980 kwa kupita juu ya Ncha.

Saa 24 zilizopotea

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo maelezo mengi ya kurefuka kwa safari hii yanapokatika mapema mno. Husemwa kwamba saa tatu na nusu zinachosha abiria na zinaongeza mafuta. Ni kweli. Lakini pigo kubwa liko kwenye mzunguko wa ndege yenyewe.

Ufini ni nchi ya watu wasiofika milioni sita. Haiwezi kujaza ndege kubwa kila siku kwenda Tokyo, Osaka, Seoul na Shanghai kwa abiria wake peke yake. Finnair iliishi kwa abiria wa kuunganisha: mtu wa Manchester au Milano anayeruka hadi Helsinki, anabadili ndege na kwenda Asia. Sababu ya mtu huyo kupita Helsinki ilikuwa jiografia. Uzi ule wa kwenye tufe kutoka Ulaya Magharibi hadi Japani hupita karibu na Ufini, kwa hiyo kusimama Helsinki hakukumpotezea muda.

Kulikuwa na faida nyingine iliyojificha. Piga hesabu ya zamani: saa 9 na nusu kwenda, saa mbili ardhini Narita kwa usafi, mafuta na abiria wapya, saa 10 hivi kurudi kukabili upepo. Jumla saa 21 na nusu. Zinabaki saa mbili na nusu za kuihudumia ndege Helsinki kabla ya kuondoka tena saa ile ile ya jana. Ndege moja inahudumia mji mmoja wa Asia kila siku, bila kulala. Kampuni zilizoko Paris au London hazikuweza hivyo, kwa kuwa umbali wa ziada uliuvusha mzunguko wao mpaka wa saa 24.

Sasa piga hesabu mpya: 13 kwenda, 2 ardhini, 13 kurudi. Ni saa 28. Zimezidi siku kwa saa nne, na saa nne hizo zinagharimu ndege nzima. Ratiba haiwezi kusogea saa nne mbele kila siku. Abiria wa kuunganisha wanafika Helsinki kwa mawimbi ya saa maalumu, na nafasi za kutua Narita zimepangwa. Ndege iliyokosa kuondoka jioni ya leo huondoka jioni ya kesho. Kwa hiyo safari ya kila siku iliyohitaji ndege moja sasa inahitaji mbili. Marubani nao wanaongezeka, kwa sababu safari ya saa 13 hutaka timu inayopokezana na kulala zamu kwa zamu. Mafuta yanaongezeka kuliko uwiano wa kilomita, maana mafuta ya saa za mwisho hubebwa tangu saa ya kwanza, na kuyabeba kwenyewe huchoma mafuta.

Umbali ulipanda kwa asilimia 38, kutoka 7,850 hadi 10,800. Muda ulipanda kwa kiasi kama hicho. Idadi ya ndege zinazohitajika kwa kazi ile ile ikapanda kwa asilimia mia moja. Ukipima kisa hiki kwa kilomita tu, utaona usumbufu. Ukikipima kwa mzunguko, utaelewa kwa nini kampuni ililazimika kubadili sura yake. Baadhi ya A350 zilikodishwa kwa kampuni nyingine pamoja na wahudumu wake, safari za Dallas na Seattle zikaanza mwaka 2022, na mkataba ukawekwa na Qatar Airways wa kupeleka abiria Doha. Tokyo ilibaki kwa sababu mizigo ililipa: Asia ilihitaji bidhaa za Ulaya, samaki wa salmoni wa Norwei wakiwemo, na sakafu ya chini ya A350 ikawa na thamani iliyobeba sehemu ya gharama ya viti vya juu.

Ndege mbili, uwanja mmoja

Kuna jambo ambalo programu ya umbali haitaweza kulieleza kamwe kwa namba mbili zake. Amri ya Urusi haikugusa China, na kampuni za Kichina zinaendelea kupita juu ya Siberia. Kampuni za Kijapani hazikuwa kwenye orodha ya zile nchi 36, lakini zilichagua zenyewe kuiepuka anga hiyo, kwa hiyo nazo huzunguka.

Matokeo yanaonekana wazi kati ya Helsinki na Shanghai, ambako Finnair na Juneyao Airlines ya China zote zinaruka moja kwa moja. Uwanja wa kuondokea ni mmoja na wa kufikia ni mmoja, wala kasi angani haitofautiani kwa kiasi cha kutajwa. Moja inapita juu ya Urusi na kufika saa kadhaa kabla ya nyingine. Kwa programu ya umbali, safari hizo mbili ni kitu kimoja: kilomita zile zile, muda ule ule wa kukadiria. Kwenye ratiba ziko mbali, na kwenye gharama za uendeshaji ziko mbali zaidi.

Kwa anayetaka kukadiria muda wa safari kati ya viwanja viwili vya mbali, kisa hiki kinatoa utaratibu unaofanya kazi. Chukua umbali wa tufe kama kiwango cha chini kabisa. Tazama mstari umelala juu ya nchi zipi na uliza kama ndege ya kampuni unayoiwazia inaruhusiwa huko. Ikiwa hairuhusiwi, pima upya kipande kwa kipande. Gawanya kwa kilomita 900 kwa saa, ongeza au punguza upepo kwa kuangalia kama unaelekea mashariki au magharibi, kisha weka dakika hamsini za ardhini, kupanda na kushuka. Kwa Helsinki na Tokyo utaratibu huo unakupa saa tisa na nusu kwa mwaka 2019, na saa 13 kwa Machi 2022. Namba ya mwanzo, kilomita 7,850, haibadiliki katika majibu yote mawili.